Shirika la Ndege Likibadilisha Ratiba ya Safari ya Familia: Mwongozo wa Kudai Haki Hatua kwa Hatua

Ujumbe wa shirika la ndege unaoarifu kwamba ratiba ya safari imebadilika huwa mfupi na wa upole, na mara nyingi chini yake huwekwa kitufe kikubwa cha kukubali. Kitufe hicho kimewakosesha wasafiri wengi haki zao. Kwa mtu anayesafiri peke yake na begi la mkononi, kuondoka saa tano baadaye ni usumbufu anaoweza kuuvumilia. Kwa wazazi wenye watoto watatu, hoteli iliyokwisha kulipiwa na likizo ya kazini yenye tarehe zisizosogezeka, saa hizo tano zaweza kumaanisha kukosa ndege ya kuunganisha, kulala uwanjani na mtoto mchanga, au kulipia usiku wa malazi usiotumika. Mwongozo huu unaeleza hatua za kufuata tangu ujumbe unapoingia hadi fedha zinaporudi au familia inapopata safari inayoifaa. Msimamo wangu ni kwamba ratiba mpya iliyotumwa na shirika ni pendekezo linalopaswa kupimwa kabla ya kujibiwa, kwa sababu ukishalikubali, sehemu kubwa ya haki zinazoelezwa hapa chini huwa umeziachia.

Hatua ya 1: Jizuie kujibu, kisha hifadhi ushahidi

Usikubali, usikatae, na zaidi ya yote usifute safari wewe mwenyewe kupitia tovuti au programu ya simu ya shirika. Mifumo mingi ya mashirika huchukulia kwamba msafiri aliyefuta safari amefanya hivyo kwa hiari yake, na hapo yale masharti ya tiketi ya bei nafuu yasiyoruhusu kurejeshewa nauli huanza kutumika, ijapokuwa aliyegeuza makubaliano ni shirika. Vilevile usiamue kuacha safari ya kwenda kwa matumaini ya kutumia ya kurudi peke yake. Kwa kawaida msafiri asipotokea katika kipande cha kwanza cha tiketi, vipande vyote vinavyofuata hufutwa.

Tafuta uthibitisho wa awali uliotumiwa siku uliponunua tiketi na uuhifadhi mahali nje ya akaunti yako ya shirika, kwa kuwa ukurasa wa safari katika tovuti huonyesha ratiba mpya tu pindi mabadiliko yanapoingizwa, na saa za zamani hupotea. Hifadhi pia ujumbe wa mabadiliko ukiwa na tarehe na saa ya kupokelewa, piga picha ya skrini ya ratiba mpya, na uandike namba ya kumbukumbu ya nafasi pamoja na namba ya tiketi ya kila msafiri. Namba ya tiketi huwa na tarakimu 13, na tatu za mwanzo hutambulisha shirika lililoitoa. Ndiyo inayothibitisha malipo yako, ilhali kumbukumbu ya nafasi huonyesha tu kwamba viti vilitengwa.

Tarehe uliyopata taarifa ina uzito mkubwa kisheria, kama itakavyoonekana katika hatua ya 3. Chini ya sheria ya Umoja wa Ulaya, shirika ndilo lenye wajibu wa kuthibitisha kwamba lilimfahamisha msafiri na lilimfahamisha lini. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua kwamba shirika haliepuki fidia kwa kusema kuwa lilimwambia wakala wa tiketi mapema, iwapo wakala hakumfikishia msafiri habari hizo angalau wiki mbili kabla ya safari. Kwa hiyo aliyenunua kupitia wakala aandike tarehe ambayo habari zilimfikia yeye mwenyewe.

Hatua ya 2: Pima mabadiliko kwa macho ya familia nzima

Weka ratiba mbili sambamba, ya zamani na mpya, kisha linganisha saa ya kuondoka, saa ya kufika, viwanja, idadi ya vituo vya kubadilishia ndege, muda wa kusubiri katika kila kituo, daraja la kiti, namba ya safari, na shirika litakaloendesha ndege hiyo. Maneno "mabadiliko ya ratiba" yanaweza kuficha mambo matatu yenye matokeo tofauti kisheria: safari kuwahishwa, safari kuchelewa, na safari kufutwa kisha abiria wakahamishiwa katika nyingine. Namba ya safari ikiwa tofauti na ile uliyonunua, na hasa siku ikiwa nyingine, kuna uwezekano mkubwa kwamba safari yako ilifutwa, hata kama neno hilo halimo kwenye ujumbe.

Kuwahishwa hupuuzwa sana, ingawa kwa familia huumiza kuliko kuchelewa. Ndege iliyokuwa iondoke saa nne asubuhi ikiletwa saa kumi na moja alfajiri, watoto wataamshwa usiku wa manane, usafiri wa kufika uwanjani huenda usipatikane, na wanaotoka mbali watalazimika kulipia malazi ya usiku uliotangulia. Tarehe 21 Desemba 2021, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba safari iliyowahishwa kwa zaidi ya saa moja ihesabiwe kuwa imefutwa, na hivyo msafiri apate haki zote za safari iliyofutwa.

Baada ya saa, chunguza mambo ambayo mfumo wa kompyuta wa shirika hauyajui. Muda wa kuunganisha ndege unaotambuliwa rasmi na kiwanja unaweza kumtosha mtu mzima anayekimbia, lakini usimtoshe mzazi mwenye kigari cha mtoto. Njia mpya ikipitia nchi nyingine, angalia kama kila mwanafamilia, kwa pasipoti yake, anahitaji viza ya kupita. Angalia pia masharti ya chanjo: nchi nyingi hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa msafiri aliyekaa zaidi ya saa 12 katika kiwanja cha nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, hata kama hakutoka nje ya jengo. Barua ya ridhaa ya mzazi asiyesafiri mara nyingi huandikwa kwa tarehe na njia mahususi, nayo itabidi iandikwe upya. Mtoto mchanga aliyekatiwa tiketi ya kupakatwa naye aangaliwe kwa makini: tarehe ya kurudi ikisogezwa hadi baada ya siku anayotimiza miaka miwili, mashirika karibu yote yatadai awe na kiti chake. Mabadiliko ya namna hiyo yakiletwa na shirika, ni haki kudai kwamba nyongeza hiyo isilipwe na familia, na dai hilo liandikwe mapema kabla ya kukubali tarehe mpya.

Hatua ya 3: Tambua sheria inayotawala safari yako

Uraia wa msafiri hauna nafasi kubwa hapa. Kinachoamua ni mahali safari inapoanzia, inapoishia, na shirika linaloendesha ndege.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005, inahusu safari zote zinazoondoka katika viwanja vya Umoja huo kwa shirika lolote, na safari zinazoingia humo kutoka nje iwapo ndege inaendeshwa na shirika la Umoja huo. Aisilandi, Norwe na Uswisi nazo zinaifuata. Safari inayotoka nje kwenda Ulaya kwa shirika lisilo la Ulaya haimo, jambo ambalo wasafiri wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Safari ikifutwa, msafiri huchagua mwenyewe kati ya kurejeshewa nauli ndani ya siku 7, kuhamishiwa safari nyingine mapema iwezekanavyo katika hali inayolingana na ile aliyolipia, au kusafiri siku nyingine inayomfaa kutegemea nafasi zilizopo. Haki hiyo ya kuchagua haina masharti ya muda wa taarifa: unayo hata kama uliarifiwa miezi mitatu kabla.

Fidia ya fedha ni jambo la pili, nayo hutegemea muda wa taarifa. Shirika likikuarifu siku 14 au zaidi kabla ya safari, hakuna fidia. Likikuarifu kati ya siku 14 na siku 7 kabla, litaepuka fidia tu iwapo safari mbadala inaondoka si zaidi ya saa mbili kabla ya muda wa awali na kufika ndani ya saa nne baada ya muda wa awali wa kufika. Chini ya siku 7, mipaka hiyo hupungua kuwa saa moja na saa mbili. Kiasi ni yuro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500. Yuro 400 kwa safari za ndani ya Umoja zinazozidi umbali huo na nyinginezo zilizo kati ya kilomita 1,500 na 3,500. Na yuro 600 kwa safari ndefu zaidi. Fidia ni ya kila msafiri, kwa hiyo wazazi wawili na watoto wawili waliolipiwa viti katika safari ya kilomita 5,000 wanaweza kudai jumla ya yuro 2,400. Anayesafiri bila nauli yoyote hahesabiwi. Mtoto aliyelipiwa nauli ya watoto iliyotangazwa kwa umma anahesabiwa sawa na mtu mzima.

Shirika hutoka katika wajibu wa fidia likithibitisha kwamba kufutwa kulitokana na hali zisizo za kawaida zisizoweza kuepukika, kama vile hali mbaya ya hewa au kufungwa kwa anga. Hitilafu za kawaida za mitambo hazimo, na mahakama imekataa pia mgomo wa wafanyakazi wa shirika lenyewe. Uamuzi wa kibiashara wa kuunganisha safari mbili zenye abiria wachache hauwezi kuitwa hali isiyo ya kawaida, na shirika likisisitiza kuuita hivyo, usitishike.

Uingereza iliendelea na kanuni hiyohiyo katika sheria zake baada ya kutoka kwenye Umoja, ikiwa na viwango vya pauni 220, 350 na 520.

Marekani haina fidia ya lazima ya aina hiyo, lakini haki ya kurejeshewa nauli iliwekewa vipimo vilivyo wazi mwaka 2024. Kwa safari za kuingia, kutoka au ndani ya nchi hiyo, mabadiliko ni makubwa iwapo ndege inaondoka mapema au inafika kwa kuchelewa kwa saa 3 au zaidi katika safari za ndani, ama saa 6 au zaidi katika safari za kimataifa. Iwapo kiwanja cha kuondokea au kufikia kimebadilishwa. Iwapo vituo vya kubadilishia ndege vimeongezeka. Au iwapo msafiri ameshushwa daraja. Asiyekubali mabadiliko hayo wala mbadala wake anastahili fedha zake hata kama tiketi iliandikwa kuwa hairejeshewi nauli, ndani ya siku 7 za kazi kwa aliyelipa kwa kadi ya mkopo na siku 20 za kalenda kwa malipo mengine.

Kanada nayo hutumia kipimo cha siku 14. Ukiarifiwa ndani ya siku hizo, na sababu ikiwa ndani ya uwezo wa shirika bila kuhusu usalama, mashirika makubwa hulipa dola za Kanada 400, 700 au 1,000 kulingana na urefu wa kuchelewa kufika, kuanzia saa 3. Nchini Brazili, kanuni namba 400 ya mwaka 2016 ya mamlaka ya usafiri wa anga inalitaka shirika liarifu mabadiliko saa 72 kabla, na kumpa msafiri chaguo la safari nyingine au nauli yote iwapo mabadiliko yanazidi dakika 30 kwa safari za ndani au saa moja kwa za kimataifa. Ni kipimo kikali kuliko vingine vyote nilivyotaja, na kinaonyesha kwamba kumlinda msafiri namna hii kunawezekana.

Pale ambapo hakuna sheria mahususi ya namna hiyo, kuna nguzo mbili za kuegemea. Ya kwanza ni Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaotumika katika safari za kimataifa kati ya nchi zilizouridhia, nazo zimezidi 130. Mkataba huu hautoi kiasi maalumu. Unamruhusu msafiri kudai hasara halisi aliyoipata kwa sababu ya kucheleweshwa, akiwa na risiti, isipokuwa shirika lithibitishe kwamba lilichukua hatua zote za busara kuizuia hasara hiyo. Ukomo wake kwa kila msafiri, tangu tarehe 28 Desemba 2024, ni vizio 6,303 vya hesabu vya Shirika la Fedha la Kimataifa, na kizio kimoja kina thamani inayozidi dola moja ya Marekani. Nguzo ya pili ni masharti ya usafirishaji ya shirika lenyewe. Karibu yote husema kwamba saa zilizoandikwa kwenye tiketi hazihakikishwi, na maofisa huwasomea wasafiri kifungu hicho. Endelea kusoma, kwa sababu kifungu kinachofuata kwa kawaida hueleza kwamba mabadiliko yakiwa makubwa na msafiri asipoyakubali, atarejeshewa nauli.

Hatua ya 4: Angalia kama ulinunua tiketi au kifurushi cha likizo

Aliyenunua ndege na hoteli pamoja kwa bei moja kutoka kwa mwandaaji mmoja ana mkataba wa kifurushi, na dai lake la kwanza ni kwa mwandaaji huyo. Katika Umoja wa Ulaya, chini ya agizo la mwaka 2015 kuhusu safari za vifurushi, na katika Uingereza, chini ya kanuni za mwaka 2018, mwandaaji anayebadilisha kwa kiasi kikubwa jambo la msingi la kifurushi anapaswa kumpa msafiri nafasi ya kukubali au kuvunja mkataba bila malipo yoyote na kurejeshewa fedha ndani ya siku 14. Faida yake ni kubwa kwa familia: hoteli na ndege husogezwa pamoja, ilhali aliyenunua vitu hivyo kimojakimoja huachwa na hoteli isiyojali kwamba ndege imebadilika.

Aliyenunua tiketi tupu kupitia wakala huenda akapigwa danadana, wakala akisema mwenye uamuzi ni shirika na shirika likisema tiketi iko mikononi mwa wakala. Waandikie wote wawili katika barua pepe moja, ili kila mmoja aone mwenzake ameambiwa nini.

Hatua ya 5: Chagua kati ya fedha na safari nyingine

Hapa ndipo penye uamuzi mgumu kuliko hatua zote. Fedha huonekana kuwa ushindi, lakini nauli uliyolipa miezi sita iliyopita haitanunua kiti kileile wiki tatu kabla ya likizo za shule, na ukishachukua fedha, wajibu wa shirika wa kukufikisha unakoma. Kama familia bado inataka kusafiri, karibu kila mara ni bora kudai kuhamishiwa safari nyingine kwa gharama ya shirika. Chagua fedha pale ambapo safari yenyewe imepoteza maana: harusi itakuwa imepita, meli ya matembezi itakuwa imeondoka, au siku za likizo zilizobaki hazitoshi.

Kabla ya kupiga simu, tafuta mwenyewe safari zinazoifaa familia. Andika mbili au tatu zenye namba, tarehe na saa, na uhakikishe kwamba zina viti vya watu wote. Anza na za shirika lenyewe, kisha za washirika wake, kisha za mashirika mengine. Kanuni ya Ulaya haisemi kwamba safari mbadala lazima iwe ya shirika lilelile. Mfanyakazi aliyepewa namba ya safari yenye nafasi hufanya kazi ya dakika chache, lakini aliyeulizwa tu "mna nini kingine" huishia kusoma ile iliyopendekezwa na mfumo.

Kuwa mwangalifu na vocha. Chini ya kanuni ya Ulaya, shirika linaweza kurejesha nauli kwa vocha pale tu msafiri anapokubali kwa saini yake. Vinginevyo ni fedha taslimu, hawala ya benki au hundi. Vocha huwa na tarehe ya mwisho, mara nyingi hufungwa kwa jina la mtu mmoja, na shirika likifilisika hubaki karatasi tupu. Na kama safari ya kwenda ndiyo iliyofutwa huku ya kurudi ikiwa kwenye tiketi hiyohiyo, dai nauli ya tiketi nzima. Mwongozo wa Tume ya Ulaya kuhusu tafsiri ya kanuni hiyo unaitambua haki hiyo waziwazi.

Hatua ya 6: Weka madai yako kwa maandishi

Simu hufaa kwa kubadilisha safari haraka, lakini kila simu ifuatwe na ujumbe wa maandishi unaoeleza nani alisema nini na saa ngapi. Barua yenyewe iwe fupi. Hasira, hata yenye haki, humfanya msomaji atafute pa kujibu maneno badala ya dai. Mfano huu unaweza kutumika kwa kujaza mapengo:

"Ninaandika kwa niaba ya wasafiri wote walio katika kumbukumbu ya nafasi namba [ ], ambao ni watu wazima wawili na watoto wawili. Tarehe [ ] mlitufahamisha kwamba safari namba [ ] ya tarehe [ ], iliyopangwa kuondoka saa [ ] na kufika saa [ ], sasa itaondoka saa [ ] na kufika saa [ ]. Hatuyakubali mabadiliko haya kwa sababu [ ]. Kwa mujibu wa [taja sheria au kifungu cha masharti ya usafirishaji], tunachagua kuhamishiwa safari namba [ ] ya tarehe [ ], ambayo hadi leo ina nafasi, bila nyongeza ya nauli na wasafiri wote wakiwa pamoja. Iwapo hilo haliwezekani, tunaomba mtueleze sababu kwa maandishi na mtupatie safari nyingine inayofika siku hiyohiyo. Tunahifadhi haki yetu ya kudai fidia na gharama. Tunaomba jibu kabla ya tarehe [ ]."

Sentensi ya kuhifadhi haki ya kudai fidia isiachwe. Inazuia shirika kusema baadaye kwamba kukubali safari mbadala kulimaliza shauri lote.

Hatua ya 7: Thibitisha tiketi mpya, viti na mahitaji ya watoto

Wengi huishia kwenye maneno "tayari tumewabadilishia", kisha hugundua uwanjani kwamba kumbukumbu ya nafasi ilibadilishwa bila tiketi kutolewa upya. Omba tiketi mpya itumwe kwa barua pepe, na uangalie kwamba kila jina lina namba yake ya tiketi na kwamba kila kipande cha safari kimethibitishwa. Kama ndege inaendeshwa na shirika mshirika, chukua pia kumbukumbu ya nafasi ya shirika hilo na uifungue katika tovuti yake.

Angalia hasa kama familia imegawanywa. Mfumo unapohamisha abiria wengi kwa pamoja unaweza kuwaweka wazazi katika ndege moja na mtoto mkubwa katika nyingine, hasa pale ambapo tiketi zilinunuliwa kwa nyakati tofauti. Omba kumbukumbu hizo ziunganishwe kwa maelezo ndani ya mfumo, na ueleze kwamba kuna watoto wasioweza kusafiri peke yao.

Viti vilivyochaguliwa na kulipiwa, kitanda cha mtoto mchanga, chakula maalumu, kiti cha magurudumu na mabegi ya ziada mara nyingi havihami pamoja na tiketi, kwa hiyo viombe upya kimojakimoja. Aina ya ndege ikibadilika, mpango wa viti hubadilika nao, na kama kiti ulicholipia hakipo, dai ada yake irudishwe. Kanada imeliwekea suala la watoto sheria: mtoto chini ya miaka 5 akae kando ya mzazi bila malipo ya ziada, wa miaka 5 hadi 11 awe mstari mmoja naye, akitenganishwa kwa kiti kisichozidi kimoja, na wa miaka 12 au 13 asitenganishwe kwa zaidi ya mstari mmoja. Katika safari zisizoguswa na sheria kama hiyo, piga simu mapema, kisha ufike uwanjani mapema.

Siku ya safari, ikiwa familia imekwama kwa sababu ya kufutwa au kuchelewa, kanuni ya Ulaya inalitaka shirika litoe chakula na vinywaji vinavyolingana na muda wa kusubiri, malazi inapobidi kulala, na usafiri wa kwenda na kurudi hotelini. Wajibu huo upo hata pale chanzo kilipokuwa hali ya hewa. Shirika lisipotoa, nunua vya kiasi na utunze risiti.

Hatua ya 8: Fuatilia fedha na tazama muda wa mwisho

Tenganisha madai yako katika mafungu yake: nauli, ada za huduma ambazo hazikutolewa, gharama ulizolazimika kuzibeba, na fidia. Yakichanganywa, shirika hujibu lile dogo na kunyamazia mengine. Hoteli na gari la kukodi zilizopotea huwa ngumu kulipwa na shirika lililokuarifu mapema, kwa hiyo ombi la kwanza liende kwa hoteli yenyewe kutaka tarehe zisogezwe, na la pili kwa bima ya safari, ambayo nayo ijulishwe tarehe mpya ili isije ikakwisha siku moja kabla ya kurudi.

Nauli isiporudi ndani ya muda wa kisheria na ulilipa kwa kadi, iandikie benki kwamba huduma haikutolewa na uombe malipo yarudishwe. Benki nazo zina ukomo wa siku, basi usisubiri miezi. Uingereza, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974 kinaiwajibisha kampuni ya kadi ya mkopo pamoja na muuzaji kwa kitu chenye bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi 30,000.

Shirika likikataa au likinyamaza, peleka lalamiko kwa mamlaka ya usafiri wa anga au chombo cha usuluhishi cha nchi husika, ukiambatisha barua zote kwa mpangilio wa tarehe. Huduma hiyo kwa mamlaka kwa kawaida ni ya bure. Kampuni zinazojitolea kudai fidia kwa niaba ya wasafiri hukata sehemu ya fedha, na kwa dai la familia sehemu hiyo huwa kubwa, kwa hiyo zifikirie tu baada ya kujaribu mwenyewe.

Muda wa kudai hutofautiana. Dai la mahakamani chini ya Mkataba wa Montreal hufa baada ya miaka 2 tangu ndege ilipofika au ilipopaswa kufika. Kanada, dai la fidia lipelekwe kwa shirika ndani ya mwaka 1, nalo lina siku 30 za kulipa au kueleza kwa nini halilipi. Dai la fidia chini ya kanuni ya Ulaya hufuata ukomo wa sheria za nchi lilikofunguliwa: Ujerumani ni miaka 3 inayohesabiwa tangu mwisho wa mwaka wa safari. Chini ya kanuni iliyobaki katika sheria za Uingereza, ukomo ni miaka 6 katika England na Welisi. Katika dai la familia, kila msafiri atajwe kwa jina na namba ya tiketi, na mzazi atie saini kwa niaba ya kila mtoto. Mtoto asipotajwa, shirika litawalipa waliotajwa pekee.